Ukurasa wa Mbele Aandike Aliyekula

Nyie wenye steshenari za siku hizi, mnaokaa chini ya feni mkaiambia simu iwaandikie tabaruku nzuri ya mama, na simu ikaandika bila hata kuuliza huyo mama ni nani, nipeni dakika chache. Sina ugomvi na simu zenu. Hata mimi ninayo, wajukuu wameniwekea, kazi yake kubwa ni kunikumbusha kunywa maji. Nataka tuzungumze kuhusu ule ukurasa wa mbele wa kitabu, wenye maneno mawili matatu katikati ya weupe, ya kumtunukia mtu kazi hiyo. Wateja huuona kama pambo. Halafu ndio huohuo unaowarudisha dukani wakiwa wamevimba mashavu.

Nilikuja Morogoro kutoka Iringa nikiwa msichana, na cheti cha taipu na sanduku la bati. Nikachapa maofisini, nikachapa chuoni, mwisho nikafungua chumba changu Mwembesongo, katikati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Ubao wa mlangoni ulisema tunachapa, tunatoa kopi, tunajalidi. Watu waliniita Mama Taipu, na waliendelea kuniita hivyo hata baada ya mashine ya taipu kugeuka kuwa kitu cha kuzuia mlango usijifunge. Nimechapa barua za kuomba kazi, za kuacha kazi, na za kuomba kurudi kwenye kazi iliyoachwa, mtu yuleyule, wiki ileile. Nimechapa ratiba za mazishi na kadi za harusi. Tasnifu za wanafunzi ndio usiseme.

Aliyenifundisha ni Bi Salima, mwanamke mfupi wa Kilosa ambaye hakuwa anacheka kabla ya saa nne asubuhi. Wakati huo tulichapa kwenye stensili. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, ndipo unachapa juu yake. Kosa moja lilikula dakika tano, kwa hiyo tulikuwa watu wa kufikiri kabla ya kugusa kitufe. Nyie mnafuta kwa kidole kimoja, ndiyo maana mnakosea kwa vidole kumi.

Bi Salima alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, vidole vinapochapa masikio yasilale. Maana yake usichape kama kuku anayedonoa, sikia unachokichapa. Ya pili, usimwandikie mtu neno asilolijua. Mteja akikuambia weka "mama aliyejitoa mhanga", muulize alijitoa vipi. Akikosa jibu, futa. Nilimwitikia ndiyo Bi Salima kwa miaka mingi, na sheria zote mbili nikazivunja kwa zamu.

Kompyuta ilipokuja ndiyo ilinimaliza. Niligundua kwamba naweza kuhifadhi maneno mazuri na kuyauza tena kwa mtu mwingine. Nikatengeneza faili, nikaliita MOYONI. Humo mlikuwa na tabaruku za kila aina, za baba, za mama, za mke, za mlezi, unabadilisha jina tu. Siku moja asubuhi nilichapa ratiba ya mazishi, mchana tasnifu ya kijana wa kilimo, na katika kunakili na kubandika, tasnifu ikatoka imetunukiwa "marehemu mama yangu mpendwa". Kijana hakusoma, mwalimu wake hakusoma. Mama yake alisoma, kwenye mahafali. Kesho yake alikuja dukani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema amekuja nimtazame vizuri kama amekufa. Nikamwambia hapana mama, naona uko salama. Akasema basi andika hivyo. Nilirudia ule ukurasa bure, na yeye akakaa kwenye benchi kuhakikisha.

Kulikuwa na mwingine aliyemtunukia mchumba wake, jina kamili, na siku ya kuja kuchukua nakala zilizojalidiwa akaja na wembe. Tulikata ule ukurasa nakala baada ya nakala. Funzo la pale ni kwamba ukurasa wa tabaruku usiuchape nyuma ya ukurasa wenye maandishi mengine. Uache upande wa pili mtupu. Mapenzi yana mambo yake.

Lakini niliyetaka kuwasimulia hasa ni Mzee Anselimi, ambaye alikuja miaka michache kabla sijafunga duka.

Alikuja na binti yake Felista, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga nyumba mtaa wa pili. Felista alikuwa mteja wangu wa mitihani ya majaribio, nikimjua kwa haraka zake. Siku hiyo hakuwa na haraka. Aliweka mezani daftari nene la mistari. Kwa likizo tatu mfululizo alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake, kule juu milimani, akiandika mapishi ya ukoo: ndizi na njegere, magimbi ya kukaanga, kisamvu, maharage ya karanga, mlenda, kambale mkavu. Alitaka kitabu, nakala za kugawa kwa ndugu, ili siku mama asipokuwepo, vyakula vibaki.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia yake. Mrefu, mkimya, kwao ni upande mwingine wa milima ya Uluguru. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kusimama.

Felista ndiye aliyesema habari yenyewe. Mzee amefanya kazi relini Kisaki maisha yake yote, genge la kutengeneza njia, akija nyumbani likizo kwa likizo. Alipostaafu akapanda mlimani kukaa na mkewe moja kwa moja. Miaka mitatu wakakaa vizuri. Halafu, tangu Jumapili moja baada ya Pasaka, Mama Felista akaacha kumpikia. Hakugomba, hakusema sababu. Anajipikia yeye na mjukuu, anaosha sufuria, anaifunika. Mzee alikula magimbi ya kuchoma wiki mbili, kisha akashuka mjini kwa bintiye. Watoto walipouliza, mama alisema anajua mwenyewe. Baba naye akisema hajui.

Mama alikubali kitabu kichapwe, lakini kwa sharti, na Felista alinieleza vilevile mama alivyosema. "Ukurasa wa mbele aandike aliyekula. Nikiupenda, apande arudi. Nisipoupenda, aende kwa dada zake akale huko."

Nyie wageni wa huku hamtajua uzito wa maneno hayo. Kwa Waluguru ardhi hufuata lukolo, yaani ukoo wa mama. Mzee Anselimi alioa akahamia kwenye shamba la ukoo wa mkewe. Kurudi kwa dada zake kulimaanisha, kwa umri wa miaka sitini na kitu, kukaa ugenini kwenye kijiji alichozaliwa, awe mjomba mzee anayepewa kiti na kupishwa njia, mbali na mkewe na watoto aliowazaa. Nilimtazama pale mlangoni. Kofia alikuwa ameikunja mpaka imefanana na sambusa.

Nikamkaribisha kwenye kiti, nikamwuliza kama ninavyouliza wateja wote. Nyumbani ulikuwa unakula nini?

"Chakula," akasema.

Chakula gani?

"Kilichopikwa."

Felista akageuka kuangalia kalenda ukutani. Nikaona hapa hakuna cha kupata, na kulikuwa na foleni ya watu wa kopi, basi nikafanya nilichozoea. Nikafungua MOYONI. Nikatoa tabaruku ya mke, ile yenyewe, iliyowahi kumliza mhasibu mmoja: "Kwa mke wangu mpendwa, nguzo ya nyumba yangu na taa ya jiko langu, uliyenilisha kwa upendo siku zote." Nikamsomea. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa namna ya mtu anayekubali sindano. Felista akaipeleka mlimani mwisho wa wiki.

Jumatatu alirudi nayo. Mama alikuwa ameisoma mara moja, akaikunja, akauliza, "Nyumba ya nani?"

Kwetu Iringa nyumba ni ya mwanamume hata kama alikuwa amelala wakati inajengwa. Lakini nyumba ile ilisimama kwenye ardhi ya mama yake Mama Felista, na bibi yake kabla ya huyo, na jiko nalo halikuwahi kuwa la mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka na begi. Nilikuwa nimekaa Morogoro zaidi ya miaka thelathini. Nilizika nao, nilicheza ngoma zao, hayo yote nilikuwa nayajua. Faili ndilo lililokuwa halijui, na mimi niliruhusu faili liongee. Felista akaniambia kwa upole kwamba mama amesema atasoma mara moja nyingine tu. Niliona aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni. Nilikuwa nimechezea ndoa ya mtu ili foleni ya kopi iende.

Nikamwambia Felista aniachie. Nikafunga MOYONI, na niwaambie ukweli sijalifungua tena hadi leo. Nikachukua chai yangu, nikaanza kukisoma kitabu. Kusoma, si kuchapa. Mapishi yote ishirini na tatu nilikuwa nimeshayachapa kwa vidole vyangu, na sikukumbuka hata moja.

Mama Felista hakuwa mtu wa vipimo. Mafuta kiasi, maji ya kufunika, moto wa kiasi mpaka inukie. Felista alikuwa amejaribu kumbana aseme vijiko vingapi, unaona penseli ilivyofutwa. Na kila pishi liliishia na mstari uleule mmoja. Niliusoma kwenye ndizi. Nikausoma kwenye kisamvu. Nikapekua mbele haraka, nikaukuta kwenye wali wa nazi wa mchele wa Dakawa, kwenye maharage, kwenye uji hata, mara ishirini na tatu: "Chumvi kiasi. Baba yenu ataongeza mwenyewe."

Nilikuwa nimeuchapa mara ishirini na tatu na masikio yamelala fofofo. Bi Salima, Mungu amrehemu, angenipiga na rula.

Nikamtuma mtoto wa fundi cherehani amwite mzee. Alikuja mara moja, hakuwa na shughuli. Nikamsogezea kiti, nikamwuliza swali moja.

"Mzee, hiyo chumvi unaongeza kabla ya kuonja, au baada ya kuonja?"

Fundi cherehani wa jirani alimaliza suruali nzima.

Kisha mzee akanieleza. Genge la Kisaki lilikuwa na mpishi wao, mtu mwema, lakini kwenye chumvi hakuwahi kupatia hata siku moja. Kwa hiyo kila mfanyakazi alitembea na chumvi yake kwenye kibati mfukoni, na chakula kikifika mkono unakwenda wenyewe, unanyunyiza, ndipo unakula. Ukisubiri uonje, wenzako wamemaliza. Kibati kile alikuja nacho likizo. Alipostaafu akaja nacho. Jumapili ile baada ya Pasaka walikuwa na wageni baada ya Misa, kaka zake Mama Felista watatu, wenye ukoo. Mama alipika kambale na ndizi tangu alfajiri. Chakula kikawekwa, wakasali, na kabla mtu hajagusa tonge, mbele ya wajomba wote, mkono wa mzee ukaenda mfukoni.

Akanionyesha kwa vidole jinsi alivyonyunyiza.

Nikamwuliza, taratibu, je, chakula cha Mama Felista kilikuwa kinapungua chumvi?

"Sijui, mama," akasema. "Sijawahi kukila bila kuongeza."

Wajukuu zangu, nimesikia mengi kwenye kile kiti. Watu wameniambia talaka, wameniambia vifo. Sijui kama kuna kilichonigusa kama lile "sijui". Mke amempikia mtu miaka arobaini na ushei, na mtu huyo hajui mkono wake una ladha gani.

Akataka niandike kwamba anaomba radhi, kwamba chumvi ilitosha. Nikakataa. Nilimwambia huwezi kusema ilitosha, hujui kama ilitosha, na yeye atajua kuwa hujui. Siwezi kukuandikia neno usilolijua. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuitumia sheria ile, nikaitumia kwa ukali kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tulikubaliana hivi. Felista akipika jioni apike kitabu, pishi moja moja, kama mama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Kibati kibaki kwangu dukani, ndani ya droo ya karatasi za kaboni. Mzee ale, halafu asubuhi aje aniambie.

Alikuja kila siku. Alikuwa akifika, ananiamkia kwa kuinua kofia, anasimama palepale mlangoni na kutoa taarifa kama anavyotoa hali ya njia ya reli. Ndizi na njegere, inatosha. Kisamvu, inatosha. Maharage ya karanga, inatosha, na akaongeza kwamba hakuwa anajua kuna karanga. Siku ya magimbi alichelewa kidogo na macho yalikuwa mekundu, nikajifanya natafuta wino. Siku ya mlenda alikohoa. Nikauliza, mlenda je? Akasema tuandike inatosha. Nikamtazama. Akasema andika tu, mama.

Siku ya kambale alikuja na Felista. Huyo binti mwenye haraka alikaa kwenye benchi akaweka mikoba chini. Mzee alikuja mpaka mezani, mara ya kwanza kuvuka kizingiti bila kukaribishwa.

"Andika," akasema.

Niandike nini?

"Andika: Kwa Mama Felista. Chumvi ilikuwa inatosha."

Nikasubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Tabia ya zamani ilinishika, nikataka kuweka hata "mpendwa" pale, tumezoea. Nikakunja vidole. Nikachapa mistari miwili, herufi za kawaida, nikaiweka juu kidogo ya katikati ya ukurasa, kwa sababu maneno yakikaa katikati kabisa jicho huyaona yameshuka. Nikamsomea kwa sauti. Safari hii hakutikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inayasema pamoja nami.

Felista alipanda na nakala ya kusahihishwa Jumamosi. Jumapili ilipita. Jumatatu ikapita. Mzee alikuja akakaa kwenye benchi siku nzima, akiwaambia watu wa kopi wapange foleni.

Jumanne Felista akaja. Mama hakuwa ametuma neno. Alikuwa amerudisha nakala, na kalamu nyekundu ya kusahihishia ya bintiye ilikuwa imepita ndani yake.

Nikaanza ukurasa wa mbele. Haukuguswa. Nikafungua ndizi na njegere. Pale mwisho, palipoandikwa "Baba yenu ataongeza mwenyewe", palikuwa pamekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, ikabaki "Chumvi kiasi". Kisamvu, pamekatwa. Maharage, pamekatwa. Wali, uji, magimbi, kambale, pamekatwa, mistari yote imenyooka, mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Nilifungua kurasa moja moja ili mzee aone, naye alisimama nyuma ya bega langu akishika ukingo wa meza.

Nilifuta mara ishirini na mbili. Kwenye mlenda mama alikuwa ameuacha ule mstari kama ulivyo, na pembeni ameandika kwa kalamu ileile: "Hapa alikuwa na haki."

Mzee alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akaomba kibati chake kwenye droo, akamwaga chumvi nje mlangoni, akakifuta kwa shati, akaniachia niwekee pini. Alipanda mlimani siku hiyohiyo, hakusubiri hata vitabu vijalidiwe.